Fiksi zisikamatwe, zifungwe breki ya mbele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyetaka polisi wazikamate baiskeli zote za vijana zisizo na breki na kuzipeleka kwenye chuma chakavu. Barua yake niliisoma kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, mara tatu. Hofu yake ni ya kweli na nina hakika aliandika kwa nia njema. Lakini mimi ni fundi baiskeli, mwaka huu natimiza miaka 34 katika kazi hii, na moja ya baiskeli anazozisema niliitengeneza kwa mikono yangu. Kijana aliyeipanda alivunjika mtulinga. Kwa hiyo nina deni la kusema.

Wenyewe wanaziita fiksi. Mtaani kwetu neno hilo lina maana nyingine, mtu akikupiga fiksi amekudanganya, ila hawa wamelichukua kutoka kwenye Kiingereza, yaani gia iliyofungwa. Baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea kuzunguka na miguu inapumzika. Ule mlio wa tiktiktik unaousikia nyuma ni friwili, ile gia ya nyuma inayoruhusu hilo, inaruka meno. Kwenye fiksi hakuna mlio huo. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka. Ukitaka kupunguza mwendo unazizuia kwa miguu, ukizizuia kwa nguvu sana gurudumu la nyuma linaganda na kuburuzika. Vijana wanapenda mburuzo huo, na wengi wao wanauita breki.

Hapa Tanga zinatengenezwa hivi. Kijana anachukua baiskeli ya Phoenix au Hero ya babu yake iliyolala uani. Anatoa madigadi, keria, stendi, kava la cheni, kengele. Mwisho anatoa zile breki za vyuma, kwa sababu vyuma vyake vinapita kila mahali na vinamharibia sura ya fremu. Fremu za namna hiyo zinafaa mno kwa kazi hii, maana nafasi ya ekseli kule nyuma ni ndefu, unalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze, hauhitaji kitu kingine cha kuikazia. Baada ya hapo anapaka rangi. Inatoka baiskeli nyepesi, nyoofu, nzuri kwa macho, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba haikunipendeza.

Kijana wangu huyu ni mtoto wa jirani, ana miaka 17. Alikuja jioni moja amejibebea fremu begani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiyo ya nani?"

"Ya marehemu babu. Nataka unichomelee friwili isizunguke."

Akanionyesha video kwenye simu, vijana wa Ulaya na Japani wanapita katikati ya magari kama samaki. Nilimwuliza breki utaweka wapi. Akasema, babu, miguu ndiyo breki. Sikubishana naye. Nilifungua friwili, nikaisafisha mafuta, nikaipeleka kwa mchomeleaji wa pili kutoka kwangu, tukaishika kwa pointi nne imara. Nikairudisha kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, nikaikaza kwa cheni na nguvu zangu zote. Nilimtoza elfu tano. Kazi ilionekana safi.

Siku ya tisa alikuwa anatoka upande wa Makorora, bajaji ikakata kona mbele yake bila taa. Akazuia pedeli. Pedeli zikakubali kwa muda mfupi, halafu zikaenda nyuma zenyewe kama zimekatika, cheni ikalegea na kuanguka. Hakubaki na kitu. Akaingia ubavuni mwa bajaji kwa bega la kushoto.

Walipoleta baiskeli kibandani nilikuta uchomeleaji haujapasuka hata kidogo. Friwili nzima ilikuwa imefunguka kutoka kwenye habu, imebaki imening'inia kwenye nyuzi mbili tatu za mwisho. Nikakaa chini. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa ambalo fundi wa miaka 34 alipaswa kuliona kabla ya kuwasha welding.

Naomba mafundi wenzangu wanisikilize hapa, maana najua wengi mnaifanya kazi hii. Friwili inafungwa kwenye habu kwa nyuzi za kulia. Mtu akikanyaga mbele, inazidi kukaza. Ndiyo maana friwili ya miaka mingi tunahangaika kuifungua kwa bomba refu. Lakini haikutengenezwa izuiwe kurudi nyuma, kwa sababu siku zote ukikanyaga nyuma inazunguka bure. Ukiichomelea, umeiambia kwa mara ya kwanza ipokee nguvu ya kurudi nyuma, na nguvu hiyo inafungua nyuzi. Habu halisi za gia iliyofungwa, zile za mbio za uwanjani, zina nyuzi za aina mbili: za kulia kwa ajili ya gia, na mbele yake nyingine nyembamba kidogo, za kushoto, kwa ajili ya nati ya kufungia. Gia ikitaka kufunguka inaigusa nati, na nati yenyewe inazidi kukaza. Habu zetu za Phoenix hazina nyuzi hizo za kushoto. Kuna wanaotumia ile ringi ya kikombe cha kranki, pale mikono ya pedeli inapozungukia, kama nati, kwa sababu nyuzi zake zinakubali. Inasaidia, lakini nayo ni ya kulia, inafunguka upande uleule. Kuna wanaochomelea gia moja kwa moja kwenye habu. Hapo haifunguki, sawa, ila lazima utoe gololi na grisi zote kwanza, na moto ukizidi unaharibu njia ya gololi na kupindisha habu, na siku meno yakiisha unatupa habu nzima.

Nimeandika haya yote kwa urefu ili nifike kwenye jambo moja. Kila moja ya njia hizo ina mahali pa kushindwa, na hata habu halisi ina cheni, na cheni inakatika. Baiskeli ambayo breki yake pekee ni cheni, cheni ikianguka haina breki. Kwa hiyo sitaki kusikia fundi anasema "mimi nimechomelea vizuri." Na mimi nilichomelea vizuri.

Sasa juu ya miguu kuwa breki. Kijana alipopona kiasi, mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, niliwaita yeye na wenzake wanne Jumapili asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi. Mmoja ana fiksi yenye habu nzuri iliyotoka kwenye baiskeli ya mtumba. Nilimfungia breki ya waya mbele. Tukachora mstari wa chaki barabarani, simu ikasoma mwendo, kilomita 25 kwa saa, na kila akifika mstarini anasimama. Kwanza kwa kuzuia pedeli tu bila kuburuza: alisimama baada ya mita 16 hivi. Kisha kwa kuburuza gurudumu la nyuma, ule mburuzo wanaojivunia: mita 10, mara nyingine 11. Kisha kwa breki ya mbele: mita 5. Tulirudia mpaka wakachoka na futi yangu ya fundi cherehani ikachanika. Namba zilicheza kidogo lakini mpangilio haukubadilika hata mara moja.

Vijana walinyamaza. Yule mwenye baiskeli alirudi mwenyewe kupima tena, hakuamini.

Sababu yake si ngumu. Unapozuia baiskeli, uzito wa mwili unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi. Jepesi halina mshiko, ndiyo maana linaburuzika kirahisi hivyo. Mburuzo unaowapendeza ni dalili kwamba tairi limeishiwa nguvu ya kukushika. Nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, na mbele ndiko wanakotoa breki.

Wazee wenzangu wana sehemu katika kosa hili. Sisi ndio tuliowafundisha watoto kwamba breki ya mbele inapindua mtu. Inapindua ukiikaba ghafla ukiwa umeinamia usukani. Ukirudisha makalio nyuma ya siti, ukanyoosha mikono, ukaminya polepole kisha ukaongeza, haikupindui. Nimewafundisha wale vijana wanne kwa nusu saa na hakuna aliyeanguka.

Namrudia msomaji mwenzangu. Nakuomba, ndugu yangu, usimame asubuhi pale Barabara ya 12 ukahesabu. Muuza maji mwenye madumu sita, breki hana. Mzee wa mkaa, magunia mawili, breki ya nyuma imebaki chuma bila raba. Mwuza samaki anayewahi wateja anashusha ndala yake kwenye tairi ya mbele, na ndala ile imeshatobolewa shimo la mviringo. Hao hawakuandikwa kwenye barua yako, kwa sababu baiskeli zao zimechakaa na tumezizoea. Za vijana zimepakwa rangi ya machungwa. Ukikamata za vijana peke yake umekamata rangi. Na mzigo wa kilo 120 usio na breki unaua kuliko kijana wa kilo 55.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: baiskeli za mwanzo zenye pedeli karibu zote zilikuwa hivi. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, gurudumu likienda miguu inakwenda, na waliokuwa wakiteremka mlima waliinua miguu hewani wakaomba Mungu. Hati ya ugunduzi wa friwili ilitolewa Marekani mwaka 1869, na hata baada ya hapo ilichukua miaka mingi watu kuizoea. Mpaka leo mbio za uwanjani hutumia gia iliyofungwa bila breki kabisa. Wajapani wana mbio zao za uwanjani ziitwazo keirin tangu 1948, na baiskeli zake hazina breki. Mwanangu alinionyesha na nilistaajabu. Lakini tazama uwanja wenyewe. Wote wanakwenda upande mmoja, hakuna bajaji, hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayefuata mpira, na kwa kuwa hakuna mwenye breki hakuna anayeweza kusimama ghafla mbele ya mwenzake. Pale kukosa breki ni usalama wao. Ukiichukua baiskeli hiyohiyo ukaipeleka barabarani, umechukua mtumbwi ukaupeleka nchi kavu.

London walijifunza kwa msiba. Februari 2016 kijana wa miaka 18 akiwa juu ya baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele alimgonga mama wa watoto wawili aliyekuwa anavuka barabara, mama akafariki. Mwaka uliofuata mahakama ilimpa kijana kifungo cha miezi 18, kwa sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi, kwa sababu hawakuwa na sheria nyingine iliyomkaa sawasawa. Na sheria ya Uingereza haikatazi gia iliyofungwa. Inasema tu kwamba baiskeli ya namna hiyo lazima iwe na breki kwenye gurudumu la mbele. Moja tu. Gia iliyofungwa inahesabiwa kuwa ya nyuma. Nadhani huo ni uamuzi wa watu wanaojua baiskeli, na ndio ninaouomba huku kwetu.

Kwa kijana anayesoma barua hii na hana breki leo, kabla hujafika kwangu au kwa fundi mwingine, nakusihi machache. Usiteremke nayo mlima. Tanga mjini ni tambarare na ndiyo maana hamjafa wengi, lakini nimesikia baadhi yenu mnapanga kupandisha fiksi kwa basi mpaka Lushoto mshuke nazo hadi Mombo. Barabara ile ina kilomita zaidi ya 30 za kona, upande mmoja mwamba na upande mmoja bonde. Pedeli zitazunguka kuliko miguu yako inavyoweza, miguu itaruka, na ikisharuka haiwezi kurudi kwa sababu pedeli zinapiga kama panga la feni. Nawaomba kama baba, msiende.

Usimbebe mtu. Kwenye baiskeli ya kawaida ncha ya kanga ikiingia kwenye cheni, dereva anaacha kukanyaga na cheni inasimama. Kwenye fiksi haisimami, inaendelea kuvuta kanga na aliyevaa mpaka baiskeli yenyewe isimame. Vivyo hivyo kanzu siku ya Ijumaa, na kamba ya kiatu. Na unaposafisha cheni usizungushe gurudumu huku umeshika kitambaa karibu na meno. Kidole kikiingia hakuna wa kusimamisha gurudumu lile. Fundi mmoja rafiki yangu wa zamani hana ncha ya kidole cha shahada kwa sababu hiyo.

Kwenye kona usilale sana, maana huwezi kuacha kukanyaga na pedeli ya ndani itagonga lami na kukuinua. Kota za kranki, zile pini zinazoshika mikono ya pedeli, ziangalie kila wiki. Nguvu ya kwenda na kurudi inazilegeza haraka kuliko baiskeli ya kawaida, utasikia kranki inagonga, usiendelee. Cheni iwe na mchezo wa sentimita moja katikati, si zaidi, na gia ya mbele na ya nyuma zikae kwenye mstari mmoja. Na kama ni mtu wa kuburuza, hesabu meno ya gia zako. Meno 48 mbele na 16 nyuma yanagawanyika sawasawa, kwa hiyo kila ukiburuza unalamba palepale kwenye tairi, na tairi litatoboka ndani ya mwezi huku pengine pote ni jipya. Badilisha nyuma iwe 17 na mburuzo utasambaa sehemu 17.

Mvua za masika zina hesabu yake. Rimu zetu za chuma zikilowa, raba za breki zinateleza kama zimepakwa sabuni, na hapo ni kweli kwamba miguu kwenye gia iliyofungwa inakupa hisia nzuri ya barabara kuliko breki. Hilo nawapa vijana bila ubishi. Gia iliyofungwa inamfundisha mtu kutazama mbali, kupunguza mwendo mapema, kujua tairi linashika wapi. Nilipoipanda mwenyewe kuzunguka Raskazone nilielewa kwa nini wanaipenda, nilisikia barabara kupitia nyayo. Kwa hiyo fanya yote mawili. Tafuta rimu ya aluminiamu kwa gurudumu la mbele, zipo nyingi kwenye mitumba ya Japani, ufungie breki ya waya, na miguu ibaki na kazi yake.

Breki ya namna hiyo ikiwa mtumba, pamoja na mkono, waya na raba mpya, mimi naiuza shilingi elfu nane. Haiharibu sura. Ni waya mmoja tu kutoka kwenye usukani kwenda kwenye foki.

Ombi langu kwa viongozi wa mitaa na kwa askari wa usalama barabarani ni hili. Wapeni vijana miezi miwili na mwisho uliotajwa, na mtangaze kwamba baiskeli yoyote, fiksi au ya mkaa, inatakiwa ionyeshe breki ya mbele inayoshika. Askari hahitaji kifaa. Ashike mkono wa breki, asukume baiskeli mbele, gurudumu la nyuma likinyanyuka, breki ipo. Na kwa mafundi wa Tanga nzima: tukubaliane kwamba hakuna anayekabidhi fiksi kwa mteja bila breki hiyo. Mteja akikataa, mrudishie fremu yake na friwili yake ikiwa inazunguka. Atakwenda kwa mwingine, najua. Ndiyo maana naomba tukubaliane wote.

Mimi nimeanza. Kijana yeyote atakayeleta fiksi yake kibandani kwangu na breki yake mkononi, namfungia bure, ufundi sitozi, mpaka mwisho wa mwaka huu. Wale wanne wa Jumapili wameshafungiwa. Ile ya kijana wa jirani bado imening'inia ukutani kwangu. Nimempa habu ya mtumba yenye nyuzi za kushoto, nimefunga breki mbele, na ile elfu tano nilimrudishia mama yake, naye akaikataa, nikaiacha mezani kwake. Daktari amesema kijana asipande kitu kwa wiki sita. Zimebaki mbili, na kila akitoka shule anapita kuiminya breki.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga